Mkono Ulioshika Ndoo

Kambini, Kombania B
Jumapili, 15 Juni 2025

Babu Shimba, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa chini, nimeegemea ukuta wa hanga, maana ndivyo tunavyoliita bweni letu hapa. Leo tumepewa saa mbili za kufua na kuandika. Mimi ni mzima, isipokuwa visigino. Natumaini hapo Kamanga nawe u mzima, na yule ng'ombe mwenye mimba hakusumbui. Mama alinisindikiza mpaka stendi, akalia kidogo, akasema ni vumbi la dagaa wake. Kama ameshavuka kuja kukusalimia, mwambie sweta sijalipoteza.

Simu zetu zilikusanywa siku ya kufika, kwa hiyo kwa miezi hii mitatu ya Jeshi la Kujenga Taifa ni barua tu. Zinapelekwa posta kila Ijumaa. Uliniambia nikuandikie mambo yalivyo, nisipambe. Najaribu.

Hapa jina letu ni kuruta. Wametunyoa nywele zote, na kichwa changu kinasikia upepo hata ndani ya nyumba. Filimbi inalia saa kumi na nusu alfajiri. Tunatandika vitanda mpaka shuka linyooke kama karatasi, halafu tunakimbia mchakamchaka tukiimba chenja, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia, mpaka ufukweni na kurudi. Wakati huo mimi huwa sijaamka sawasawa. Miguu inaamka kwanza, mimi nafuata baadaye. Ukungu unakuwa umelala juu ya ziwa, na wale wadudu wa majini wanapanda kama moshi wa jiko lisiloonekana. Nafikiri jinsi maji haya yalivyo yaleyale ya kwako. Nikiyagusa, najiuliza yatachukua siku ngapi kufika hapo mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa.

Baada ya uji ni usafi, halafu kwata, yaani mazoezi ya gwaride, mpaka mchana, ugali na maharage, shamba, na kuhesabiwa tena. Kitanda cha juu yangu analala Shamsa, binti wa mjini Mwanza. Usingizini huwa anatoa amri. Juzi alisema "Nyuma geuka", na mimi nikageuka kitandani.

Sasa lile lililonifanya niandike. Kwenye kwata mkono wangu wa kulia hautembei. Wa kushoto unakwenda vizuri, wa kulia unabaki umekunjwa, kiwiko juu. Afande Pius alisimamisha kikosi kizima akaniuliza, "Kuruta, umebeba ndoo?" Kwa woga nikajibu, "Ndiyo, afande." Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Sasa jina langu ni Ndoo. Lakini Babu, ni kweli. Miaka yote niliyokaa kwako nilipanda kutoka ziwani na ndoo kichwani, mkono wa kulia umeishika. Mkono haujui kama nimeitua.

Tarehe 5 Septemba kuna gwaride la kuhitimu, na si wote watakaoingia. Nataka kuingia, na nataka uje. Unakumbuka mahafali ya kidato cha sita ulivyovuka ziwa ukakaa mstari wa mbele, na mimi nikashindwa kutoka kucheza, nikabaki nyuma ya pazia mpaka ngoma ikaisha. Nilipokuja kukuaga ulinishika uso kwa mikono yako miwili kwa muda mrefu. Safari hii nataka unione.

Mjukuu wako,
Ng'washi

*

Kamanga, Sengerema
30 Juni 2025

Mjukuu wangu Ng'washi,

Mwangaluka. Marahaba ya shikamoo yako nimeiitikia kwa sauti, Evelina wa kwaya alikuwa hapa, akashangaa naongea na nani. Sote hatujambo. Ng'ombe amezaa ndama jike, ana baka jeupe pajani, ndivyo wanavyosema. Mama yako alikuja Jumapili na dagaa debe zima kana kwamba mimi ni paka. Watu wa huku wote wanakwenda kupita juu ya daraja jipya la Busisi na kupiga picha. Mimi bado ni mtu wa kivuko. Kwenye kivuko unakaa, ziwa ndilo linalofanya kazi.

Habari ya mkono nimeisikia na nimeicheka, nisamehe. Halafu nikaifikiria siku mbili. Unajua mimi nilikuwa mpiga ngoma wa kikundi chetu cha kulima. Watu thelathini mstari mmoja, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja, mguu ukikosea mmoja nilikuwa nausikia kabla sijauona. Alikuwepo kijana mmoja, Ngosha, mkono wake uligoma hivyohivyo, maana alichunga kondoo tangu utoto na fimbo begani. Tulimpa jiwe. Mkono mtupu unasahau, lakini ukiwa na uzito unajua kwamba upo, na uzito wenyewe unauvuta mbele na nyuma.

Okota jiwe la ziwani, duara, lisilozidi yai. Lishike kwenye ngumi ya kulia. Usimwonyeshe mtu.

Nitakuja hiyo tarehe 5. Koti limeshatolewa sandukuni.

Babu yako,
Shimba

*

Kambini, Kombania B
Jumapili, 13 Julai 2025

Babu, shikamoo.

Nimefurahi kwa ndama. Namwazia jina lakini bado halijanijia. Huku tumeshalala porini siku tatu, chini ya maturubai, mvua ikanyesha siku ya pili ingawa si msimu wake. Nilidhani nitaogopa. Badala yake nilisikiliza matone yakipita juu yangu kama watu wengi wasio na haraka, nikawa sijui kama nimelala au naota kwamba niko macho.

Jiwe nimelipata. Ni jeusi, limelambwa na maji mpaka likawa laini. Babu, linafanya kazi. Nikilishika, mkono unakwenda wenyewe. Kushoto, kulia, kushoto, na mwili unakuwa mwepesi, kama si mimi ninayetembea bali natembezwa. Afande Pius alinipita Alhamisi bila kusema neno, na kwake hiyo ni sifa. Wiki ijayo anapita kuchagua watakaoingia gwaride.

Kitu kimoja nauliza. Herufi zako nilizozizoea ni kubwa na zimesimama mbalimbali, kila moja kivyake, kama ulivyofundishwa elimu ya watu wazima. Za barua hii zimeshikana mikono. Nani amekuandikia?

Mjukuu wako,
Ng'washi

*

(Barua hii haikutumwa siku hiyo.)

Kambini, Kombania B
Jumapili, 20 Julai 2025

Babu, shikamoo.

Jumatano Afande Pius alikuja kuchagua. Alikuwepo na mkubwa mmoja mwenye fimbo ya kwapani. Tulipita mbele yao safu kwa safu. Mkono wangu ulikuwa unakwenda vizuri kuliko siku zote, na nadhani hilo ndilo lililoniponza, maana niliurusha juu kwa furaha, na kiganja kilikuwa na jasho. Jiwe likatoka. Lilimpiga Shamsa katikati ya mgongo. Alikuwa mbele yangu. Akaruka, safu ikavunjika, wa nyuma wakatuvaa, na jiwe likabingirika polepole mpaka kwenye kiatu cha yule mkubwa.

Akaliokota. Akauliza, "Hili ni la nani?" Nikasema ni langu. Akauliza kwa nini kuruta anatembea na jiwe. Ningeweza kusema, babu yangu alinishauri. Lakini niliona watakucheka na wewe, sikukutaja.

Sasa nimetolewa. Mimi niko jikoni hadi mwisho wa mafunzo. Shamsa naye yuko jikoni, kwa sababu aliporuka alitegua mguu. Nilimwomba radhi. Akasema, "Ndoo, angalau ungenipiga nikiwa nimeshashiba."

Wewe umeshatoa koti sandukuni. Nikikueleza haya nitakuwa nimekuambia kwamba ushauri wako ndio ulionitoa. Sitaki ulijue hilo.

*

Kambini, Kombania B
Jumapili, 27 Julai 2025

Babu, shikamoo.

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima sana. Kwata inaendelea vizuri. Mkono uko sawa. Hali ya hewa ni nzuri, asubuhi kuna upepo kutoka ziwani. Msalimie Evelina, na umshike ndama masikio kwa niaba yangu. Nimekumbuka ulivyosema safari ya hapa ni ndefu na mguu wako unauma nyakati za baridi. Usijilazimishe kuja kama unaona taabu.

Mjukuu wako,
Ng'washi

*

Kamanga, Sengerema
8 Agosti 2025

Mjukuu wangu,

Mwangaluka. Barua yako ilikuwa fupi, nikaigeuza upande wa pili nione kama kuna nyingine, hakuna. Huku tuko salama. Ndama anakua, mama yake anapiga teke ndoo ya maziwa, nadhani ni ndugu yako.

Umeuliza habari ya mwandiko. Nimejifunza mwandiko mpya. Mtu haruhusiwi kujifunza?

Mguu hauumi. Nani kakwambia unauma? Nitakuja. Nitapanda kivuko cha asubuhi, halafu basi, nitalala kwa rafiki yangu wa zamani, na Ijumaa nitakuwa hapo.

Nami nakuuliza. Siku hizi mnakula nini huko? Vitunguu vinapatikana? Kuni mnazitoa wapi?

Babu yako,
Shimba

Ng'washi, huyu ni Evelina. Babu amejinyoosha kidogo, naandika upesi. Mwandiko wote ni wangu tangu barua ya kwanza, naye ananitajia neno kwa neno. Babu yako haoni. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, tangu kabla hujaondoka. Alinikataza nisikuambie usije ukaacha mafunzo. Madaktari wa macho wanakuja hospitalini Sengerema, naye amepangiwa kupasuliwa Ijumaa tarehe 5 Septemba. Amewaambia ana safari. Wakiondoka hawarudi mpaka mwakani. Mama yako amemsihi mpaka amechoka. Utakachoandika nitamsomea chote.

*

Kambini, Kombania B
Jumapili, 17 Agosti 2025

Babu, shikamoo.

Barua hii nimeianza mara nne. Nimejua habari ya macho yako. Usimgombeze aliyeniambia.

Sasa naelewa kwa nini ulinishika uso siku ile. Mimi nilidhani unanibariki, kumbe ulikuwa unanitazama.

Babu, usije tarehe 5. Nenda Sengerema. Na ili usiwe na sababu ya kukataa, nakuambia ukweli: mimi sitakuwa uwanjani. Nilitolewa tangu Julai. Ndani ya bahasha hii kuna barua niliyoiandika siku nne baada ya kutolewa nikaificha chini ya godoro. Evelina akusomee, hata ile sehemu ya jiwe. Barua iliyofuata ilikuwa ya uongo, yote isipokuwa upepo.

Sikukuambia kwa sababu nilitaka sana unione. Nikawa nafikiri labda utakuja na kitu kitatokea, mtu ataugua, nitaitwa kujaza nafasi. Jikoni kuna mvuke mwingi na mtu anaota akiwa amesimama. Nilikuwa naota kila siku nikikoroga uji: napita mbele yako, mikono yote miwili inakwenda, nawe unasimama. Kisha uji unarukia mkono na ninaamka.

Lakini uwanjani kuna watu mia nane na wewe huoni, na mimi simo. Ungekuwa umevuka ziwa zima kuja kutazama nini?

Nakuomba uende. Sijawahi kukuomba kitu kwa nguvu, sijui hata namna yake. Nenda.

Mjukuu wako,
Ng'washi

*

Kamanga, Sengerema
29 Agosti 2025

Mjukuu wangu Ng'washi,

Mwangaluka. Evelina nilimnunia siku mbili. Siku ya tatu nikakosa wa kunisomea, tukapatana. Sasa anaandika huku anacheka, nasikia kalamu inavyotetemeka.

Habari ya jikoni umenieleza kama jambo jipya. Nilijua. Barua yako ya kwanza ilinuka sabuni. Ya pili ilinuka vumbi na turubai. Ile fupi, Evelina akawa anasoma "kwata inaendelea vizuri", na mimi nimeishika karatasi puani: moshi wa kuni na kitunguu. Kuruta wa gwaride hanuki kitunguu mpaka kwenye karatasi. Ndiyo maana nikakuuliza habari ya kuni, nikidhani utasema mwenyewe.

Umeuliza ningekuja kutazama nini. Uwanjani nisingekwenda. Nilikuwa naja jikoni. Nimwambie Evelina anishike mkono, tufuate moshi, nikae kwenye gogo karibu yako mpaka maharage yaive. Mimi nisingekuona na wewe usingeonekana, tungekuwa sawa.

Lakini habari ya jiwe sikuijua. Ngosha tulimpa jiwe, na siku ya mashindano tulimnyang'anya. Sehemu hiyo niliisahau kukuambia. Kosa ni langu, na ulilibeba peke yako mwezi mzima, mbele ya mkubwa mwenye fimbo. Hukunitaja. Nakujibu ulivyoomba: nakwenda Sengerema. Naogopa, andika hivyo Evelina, naogopa kisu karibu na jicho. Ila nakwenda.

Shamsa mpe pole yangu ya mgongo.

Babu yako,
Shimba

*

Kambini
Jumapili, 7 Septemba 2025

Babu, shikamoo, na pole ya hospitali.

Sijui wamekufanyia nini na sijui utasikia barua hii ukiwa na hali gani. Nakueleza siku ya Ijumaa, ili uwe nayo.

Asubuhi tulipika wali wa wageni, sufuria sita. Gwaride lilipoanza hatukuliona, ukuta wa ghala unaziba. Nikafumba macho nisikilize kama wewe. Mwanzoni ilikuwa kelele tu. Halafu ikawa mguu mmoja mkubwa, unakanyaga na kunyanyuka, unakanyaga na kunyanyuka, kama ziwa limepata visigino. Nikawa nafikiri, sasa hivi wamemlaza, sasa hivi wamemfumba jicho. Na mguu haukukosea hata mara moja, nikachukua hiyo kuwa habari yako.

Jioni wageni walipoondoka uwanja ulibaki mtupu, chaki tu na maganda ya karanga. Tulikwenda kuokota vikombe. Shamsa akaniambia, "Ndoo, panga mstari." Nikamwambia mstari wa mtu mmoja haupo. Akasema, "Mbele tembea," kwa sauti yake ile ya usingizini.

Nikatembea kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, mikono mitupu. Babu, mikono ilikwenda. Wa kulia pia. Labda ni ule mwiko wa jikoni, mrefu kama kasia, wiki saba ukienda mbele na kurudi nyuma. Nilipofika jukwaani na kugeuka, Afande Pius alikuwa anakunja bendera. Sijui alianza kuangalia lini. Akasema, "Naona umeitua." Akaendelea kukunja.

Nilisikitika kidogo kwamba ni yeye aliyeona.

Wenzetu wameondoka. Sisi wa jikoni tunabaki wiki mbili na wanaovuna mahindi ya kambi.

Mjukuu wako,
Ng'washi

*

KAMANGA
17 SEPTEMBA 2025

NG'WASHI. MWANGALUKA.

NAANDIKA MWENYEWE. JICHO MOJA LIMEFUNGULIWA. LA PILI MWAKANI.

EVELINA NI MFUPI KULIKO SAUTI YAKE. NYUMBA IMECHAKAA SANA HAKUNA ALIYENIAMBIA. BAKA LA NDAMA SI JEUPE NI LA RANGI YA MAZIWA.

BARUA ZAKO NIMEZISOMA ZOTE KUANZIA YA KWANZA. NIMESOMA YA UWANJA MTUPU MARA TATU. MIMI SIKUBALI AFANDE AONE PEKE YAKE.

UKIJA PITA KIVUKO USIPITE DARAJANI. NITASIMAMA GATINI. USIWEKE KITU KICHWANI. BEGI MGONGONI. ASINIONYESHE MTU WEWE NI YUPI.

SHIMBA

*

Kambini
Jumapili, 21 Septemba 2025

Babu, shikamoo.

Barua yako imenikuta nafunga begi. Nimezitazama herufi zako zilivyosimama mbalimbali, nikazigusa moja moja.

Jumanne nitalala kwa Mama, kule Mkuyuni. Jumamosi tarehe 27 nitapanda kivuko cha saa nne. Jiwe nilirudishiwa na Afande Pius siku ya kukabidhi sare. Nimeliweka mfukoni, na litabaki mfukoni.

Watu wa kivuko huwa wanashuka wote kwa pamoja, na mimi siku zote nilipenda kushuka katikati yao. Safari hii nitasubiri waishe, na pikipiki, na vikapu vya samaki. Nitashuka wa mwisho, peke yangu, polepole.

Simama mahali penye mwanga.

Mjukuu wako,
Ng'washi